Mgao wa umeme angani: jinsi ya kuruka na kubaki hai kwenye Star Wars: Squadrons

Mimi ni fundi umeme. Nafunga nyaya majumbani hapa Tanga, na jioni nikishaoga na kula nakaa mbele ya mashine ya gemu, PS4 ya mtumba niliyoinunua kwa mtu wa mtaa wa pili. Alinipa na diski tatu: mbili za mpira, na moja ambayo alisema ameiweka mara mbili tu akashindwa nayo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishika. Inaitwa Star Wars: Squadrons. Ilitoka tarehe 2 Oktoba 2020, ikatengenezwa na Motive Studio ya Montréal, Kanada, chini ya Electronic Arts, kwa ajili ya PS4, Xbox One na kompyuta. Diski ya PS4 ukiiweka kwenye PS5 inakubali vilevile.

Ni gemu ya kurusha vyombo vya vita angani, huko kwenye nyota. Unaketi ndani ya chombo, mbele yako dashibodi na kioo, basi. Hakuna kamera ya nje ya kukuonyesha mgongo wako. Hilo peke yake linawafukuza wengi, maana tumezoea kuona mchezaji mzima uwanjani. Usiogope. Baada ya siku tatu utaona kuwa dashibodi inakuambia kila kitu unachohitaji.

Ninamwandikia mtu aliyefanya kama yule aliyeniuzia: ameiweka, amepigwa ndani ya dakika tatu, ameitoa akarudi kwenye mpira. Karibu kila anayeanza anadhani hii ni gemu ya kufyatua risasi, kwa hiyo anamtafuta adui, anamnyooshea pua na kufinya R2, kitufe cha kufyatulia, mpaka afe. Mimi pia nilifanya hivyo siku nne nzima. Siku ya tano ndipo nikavitazama vile vipimo vitatu kwenye dashibodi nikajiambia, lakini hii si ndiyo kazi yangu ya mchana? Kinachoamua nani anabaki hai kwenye gemu hii ni kugawa umeme.

Kabla ya kuruka

Ingia kwenye mipangilio kwanza. Amua kijiti cha kulia kifanye nini ukikisukuma mbele: pua ipande au ishuke. Marubani wa kweli wanavuta nyuma ndipo pua ipande, lakini ukitoka kwenye gemu nyingine unaweza kutaka kinyume chake. Chagua sasa ukiwa bado mgeni, kisha usiguse tena, kwa sababu mkono ukishajifunza njia moja, kuubadilisha ni mateso.

Kama pedi yako ni ya zamani kama yangu, kijiti kimelegea na chombo kinavuta upande chenyewe. Humo humo kwenye mipangilio kuna kipimo cha eneo la katikati ambalo kijiti kikisogea gemu haihisi. Kiongeze kidogo kidogo mpaka chombo kitulie ukiwa hujagusa kitu. Usikiongeze mno, utapoteza mguso mwepesi unaouhitaji wakati wa kulenga.

Ugumu una ngazi nne: Story Pilot, Pilot, Veteran na Ace. Anza na Pilot. Ile ya kwanza inakubembeleza mno, hutajifunza kugawa umeme kwa sababu hutaadhibiwa ukikosea.

Na uvae hedifoni. Nitaeleza sababu nikifika kwenye makombora.

Watumiaji watatu, umeme mmoja

Chombo kina kinu kimoja cha nguvu na watumiaji watatu: injini, leza na ngao. Ukianza, kila mmoja anapata sawa na mwenzake. Vishale vya pedi ndiyo swichi zako: cha kushoto kinapeleka umeme kwenye injini, cha juu kwenye leza, cha kulia kwenye ngao, cha chini kinarudisha sawa kwa sawa. Ukimjaza mmoja, wale wawili wanapunguziwa. Hakuna umeme unaodondoka kutoka mbinguni. Nikifika kwa mteja wa fezi moja anayetaka hita ya maji, pasi na pampu viende kwa wakati mmoja, namweleza jambo hilihili, na yeye hukasirika kama nilivyokasirika mimi na X-wing, chombo changu cha kwanza.

Sasa sikiliza kila mmoja anakupa nini akijaa. Injini zikijaa unakwenda kasi zaidi, na akiba ya busti, yaani ule mchomoko wa ghafla, inaanza kujikusanya. Leza zikijaa, risasi zinarudi upesi, kisha zinapita kiwango na kila pigo linauma zaidi. Ngao zikijaa zinajiponya, zikimaliza kujiponya zinaongeza tabaka la pili juu ya la kwanza. Aliyenyimwa naye ana lake: leza zisizo na umeme zinakauka ukiwa katikati ya kumfyatulia mtu, na ngao zilizonyimwa kabisa zinayeyuka taratibu hata kama hakuna aliyekugusa.

Hapa ndipo pana siri yenyewe, na ningeomba uisome mara mbili. Akiba haipotei dakika ile ile unapohamisha umeme. Busti iliyokwisha kusanyika inabaki mpaka uitumie. Leza zilizopita kiwango zinabaki kali kwa muda. Tabaka la pili la ngao halianguki mara moja. Ni kama simtanki: umeme ukiwepo unawasha pampu unajaza, umeme ukienda mahali pengine maji unayo bado. Kwa hiyo rubani mzuri haulizi "sasa hivi nahitaji nini?" Anauliza "nusu dakika ijayo nitahitaji nini?" na anapeleka umeme huko mapema.

Kwa vitendo, ukitoka tu kituoni na hakuna mtu karibu, peleka kwenye injini mpaka busti ijae. Ikijaa, hamia ngao mpaka tabaka la pili lianze kuonekana. Ukimwona adui kwa mbali, hamia leza, maana muda wa kumfikia unatosha kuzipandisha. Unafika kwake busti imejaa, ngao nene, leza kali, na umeme wako wote umekaa kwenye leza tu. Yeye aliyekaa sawa kwa sawa tangu mwanzo hana hata kimoja kilichojaa. Ukimaliza kumpiga, au ukishindwa, kishale cha kushoto na uondoke.

Tatizo la pedi ni kidole gumba. Kijiti cha kushoto kinashika kasi ya chombo kwa kwenda juu na chini, na kukibingirisha ubavu kwa kwenda kushoto na kulia. Ukikibonyeza ndani ni busti. Na vishale vinabonyezwa na gumba lilelile. Maana yake, kila unapohamisha umeme umeachia kijiti. Habari njema ni kwamba kasi uliyoiweka inabaki pale ulipoiacha. Kinachokatika ni kubingirika. Kwa hiyo usihamishe umeme ukiwa katikati ya kubingirika kumkwepa mtu. Maliza kona, nyoosha, gusa kishale, rudi kwenye kijiti. Gusa na urudi, usikae huko.

Zoezi langu lilikuwa hili. Kuna uwanja wa mazoezi ndani ya gemu, hakuna wa kukusumbua. Nilikuwa naruka mbele moja kwa moja huku nikitamka kwa sauti: kushoto, busti, kulia, juu. Kushoto, busti, kulia, juu. Robo saa kila siku kwa wiki moja, bila kupiga hata risasi. Mke wangu aliniuliza nasali nini. Wiki ile ilinifaa kuliko mwezi wote uliofuata.

Kuna mpangilio mwingine wa juu zaidi unaokuwezesha kuhamisha umeme kipande kwa kipande badala ya kumjaza mmoja kwa mguso mmoja. Uache kwanza. Ni mzuri, lakini unataka gumba lililokwisha zoea.

Kasi ya nusu

Ukiwa kwenye gari, unapotaka kukata kona kali unapunguza mafuta. Hapa ni hivyohivyo, isipokuwa kupunguza mno kunadhuru vilevile. Chombo kinageuka vizuri kuliko wakati wowote kikiwa kwenye nusu ya kasi yake. Kipimo cha kasi kina alama inayoonyesha eneo hilo. Jifunze kuitambua kwa pembe ya jicho.

Tafuta mwamba mkubwa unaoelea, uuzunguke kwa kasi yote. Utaona duara lako ni kubwa, unakwenda mbali nao. Sasa shusha mpaka nusu, uzunguke tena. Unaukumbatia. Adui anayekuzunguka kwa kasi yote hawezi kuingia ndani ya duara lako, na wewe unaingia ndani ya lake. Mapigano mengi ya mmoja kwa mmoja yanaamuliwa hapo kabla hata ya risasi ya kwanza.

Na unapogeuka, usitegemee kusukuma pua kushoto au kulia tu. Bingirisha chombo ubavu kwanza, kisha vuta pua. Kuinua pua kuna nguvu zaidi kuliko kuisukuma pembeni. Mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku za mwanzo utajisikia unachanganyikiwa. Endelea tu.

Leza zenyewe zinasafiri, hazifiki papo hapo. Adui anayekatiza mbele yako usimlenge mwilini. Lenga pale anapokwenda, mbele ya pua yake. Na kadiri unavyomkaribia ndivyo unavyopunguza kukisia. Mimi sifyatui tena kwa mbali. Ni kumwambia mtu kuwa upo.

Kuteleza

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi, Pangani. Alituambia tukiwa wadogo kwamba chombo kina omo, yaani pua yake, inayoangalia na kina njia kinayokwenda, na hivyo viwili si kitu kimoja. Mkondo unaweza kukupeleka kusini huku omo imeelekea Pemba. Sikumwelewa mpaka nilipojifunza kuteleza kwenye gemu hii.

Inafanywa hivi. Lazima uwe na akiba ya busti. Bonyeza kijiti cha kushoto ndani, chombo kinachomoka. Kikiwa kwenye mchomoko ule, bonyeza tena na ushikilie, huku kijiti cha kulia kikigeuza pua. Chombo kitaendelea kwenda kule kilikokuwa kinakwenda, lakini pua inaangalia kwingine, hata nyuma kabisa. Aliyekuwa anakufukuza anajikuta anatazamana na leza zako.

Hatari yake ni kwamba kasi inaisha haraka ukiwa unateleza. Ukikaa humo ukifurahia kumpiga, ghafla umesimama angani kama chungwa juu ya meza. Teleza, piga kidogo, kisha busti nyingine kuelekea pale pua ilipo. Ndiyo maana akiba ya busti lazima iwe zaidi ya moja kabla ya kujaribu. Na jifunzie uwanja wa mazoezi, ukizunguka mwamba, usijifunzie mbele ya watu.

Chombo kipi

Pande ni mbili, Jamhuri Mpya na Himaya, na kila upande ulianza na vyombo vinne. Jamhuri ina X-wing ya kazi zote, A-wing nyepesi ya mbio, Y-wing ya mabomu, na U-wing ya kusaidia wenzako. Himaya ina TIE fighter, TIE interceptor, TIE bomber na TIE reaper kwa mpangilio uleule. Desemba 2020 wakaongeza B-wing na TIE defender, bure kwa kila mwenye gemu. Hakuna kitu cha kununua ndani kwa pesa halisi. Vifaa vyote vinafunguliwa kwa pointi unazopata kwa kucheza. Nalisifu hilo kwa moyo wote, kwa sababu gemu nyingi za siku hizi ukishalipia mlango unalipia na kiti.

Anza na X-wing. Weka roboti wa ukarabati kwenye kitufe cha L1 na makombora ya kawaida kwenye R1, usihangaike na vingine. A-wing inavutia kwa kasi yake na kioo chake kipana, lakini mwili wake ni mwepesi sana, anayekosea kidogo anakufa nayo.

TIE ni dunia nyingine. Fighter, interceptor na bomber hazina ngao kabisa. Watumiaji wamebaki wawili, injini na leza, na kioo cha duara kinakunyima pembeni, huoni ila mbele. Badala ya ngao umepewa kitu kimoja kizuri sana: unaweza kuigeuza akiba ya leza iwe busti papo hapo, au busti iwe leza. Ni kama kuhamisha laini kwa dharura. Mtu akikukalia nyuma, geuza kila kitu kiwe busti na utoweke. Ukimpata mtu hakuoni, geuza busti iwe leza ummalize kabla hajageuka. Anayerusha TIE kama X-wing, akingoja apigwe kwanza ndipo aondoke, hachezi muda mrefu.

Hadithi ya gemu inakupokeza pande zote mbili kwa zamu, kikosi cha Vanguard cha Jamhuri na kikosi cha Titan cha Himaya, na inakukalisha kwenye vyombo tofauti misheni hadi misheni. Usiiruke kwenda moja kwa moja kupigana na watu. Ndiyo shule yenyewe.

Makombora, na sababu ya hedifoni

Adui akikulenga kwa kombora unasikia mlio. Akishafyatua, mlio unabadilika, na kadiri kombora linavyokaribia ndivyo unavyokwenda mbio. Hutaliona kombora, liko nyuma yako. Utalisikia. Kwenye spika za televisheni, feni ikizunguka na watoto wakipiga kelele, nilikuwa sitambui umbali wake hata kidogo. Kwa hedifoni najua ni lini limefika mgongoni.

Ukisikia mlio wa polepole, usimwage kinga yako, kile kifaa cha kulizuia kombora, mara moja. Kwanza geuka kuelekea kitu: mwamba, mabaki ya meli, ubavu wa manowari. Zunguka nyuma yake, makombora mengi yatagonga hapo. Ukiwa peupe, busti pembeni, usikimbie moja kwa moja, kwa sababu kombora linapenda mstari ulionyooka. Kinga itoe mwishoni, mlio ukishakuwa wa mfululizo. Kinga zina aina tofauti. Mimi natumia vile vikombora vidogo vinavyotoka vyenyewe kulitafuta kombora la adui na kuliua. Ni vichache, kwa hiyo kila kimoja nakihesabu.

Makombora ya ayoni yana jambo lake. Hayavunji mwili, yanakausha ngao na yanaweza kukizima chombo ukabaki unaelea bila usukani. Ukiwa na mwenzako, mmoja arushe ya ayoni, mwingine amalizie kwa leza. Mpwa wangu wa miaka kumi na tatu huja kutoka Muheza wakati wa likizo, tunapokezana pedi, na huyu mtoto ndiye aliyenifundisha jambo kubwa kuliko yote kuhusu kufukuza. Nilikuwa nimemkamata mtu, ngao zake zimeisha, anayumba, namfuata kila kona. Mtoto akasema, "Anko, unamfuata mpaka kwao!" Na kweli, sekunde mbili baadaye nilikuwa katikati ya wenzake watatu. Aliyeumizwa hukimbilia kwao. Mpe pumzi tatu. Kama hafi, mwache, peleka umeme kwenye ngao na utafute mwingine.

Neno la fundi kuhusu umeme wa kweli

PS4 ndogo niliyonayo inakula takriban wati 80 gemu ikiwa inakwenda, na televisheni yangu ya inchi 32 kama 45. Yuniti moja ya luku inanipa karibu saa nane za mchezo. Hiyo si gharama ya kumnyima mtu usingizi. Kinachoharibu mashine ni kukatika na kurudi kwa ghafla. Weka UPS ndogo, lile boksi la betri ya akiba, hata ya VA 650, si kwa ajili ya kuendelea kucheza gizani bali kupata dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Na usitumie ile ekstensheni ya shilingi elfu tatu yenye soketi zinazocheza. Nimebadilisha nyingi zilizoungua.

Hadithi unacheza bila intaneti. Kupigana na watu kunataka PlayStation Plus ya kulipia. Kucheza kwenyewe hakuli bando kubwa, kinachokula ni kupakua masasisho, kwa hiyo yapakue mara moja mahali penye waifai ya uhakika. Hapa kwangu natumia hotspoti ya simu, na jioni wakati kila mtu yuko mtandaoni adui wananirukaruka kwenye skrini. Saa kumi na moja alfajiri mambo ni shwari.

Vita vya manowari

Kuna aina mbili za mapigano ya kikundi. Ya kwanza ni watano kwa watano, kuuana tu, na timu inayofikisha 30 kwanza ndiyo mshindi. Inafaa kupasha mkono joto. Ya pili, vita vya manowari, ndiyo moyo wa gemu hii, na unaweza kuicheza dhidi ya watu au dhidi ya kompyuta.

Ni kama kuvuta kamba. Kila upande una manowari mbili za kati na nyuma yake manowari kuu. Mnaanza katikati mkiuana. Kila mnapoua, kipimo cha ari kinasogea upande wenu. Kikifika kwenu mnapata zamu ya kushambulia, na wapinzani wanarudi kulinda. Wakiua wao, kamba inarudi. Ndege ndogo za kompyuta zinazozagaa pia zinahesabika, ingawa kidogo. Mgeni asiyeweza kuwaua watu anaweza kuisaidia timu yake sana kwa kuzisafisha hizo tu, na nakushauri uanze na kazi hiyo bila aibu.

Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuing'ang'ania manowari wakati zamu imekwisha geuka. Kipimo kikianza kurudi, acha kila kitu, geuza pua, nenda kalinde. Mabomu uliyobakiza utayatumia zamu ijayo.

Manowari kuu haivunjwi kwa kuifyatulia popote. Ina viungo vyake: vinu vya ngao, mfumo wa kulenga na mfumo wa nguvu. Kwenye Star Destroyer, manowari kuu ya Himaya, vinu vya ngao ni yale matufe mawili yaliyokaa juu ya mnara. Silaha za ayoni kwanza, zikaushe ngao, kisha vunja vinu ili ngao zisirudi. Mfumo wa kulenga ukifa, mizinga yake inapoteza shabaha, na wenzako wanapumua. Baada ya hapo mabomu yanakula mwili wenyewe.

Nikiwa na Y-wing naenda hivi. Nikiwa bado mbali najaza busti, kisha ngao mpaka tabaka la pili, na kuzielekeza mbele, maana ngao unaweza kuzisogeza mbele au nyuma. Nachomoka kwa busti, sifyatui kitu njiani hata nikichokozwa. Nikifika nashuka mpaka karibu kugusa bati la manowari, na kukaa huko chini, kwa sababu mizinga ya mbali inanipata kwa shida nikiwa nimeukumbatia mwili wake. Nashusha kasi kwenye nusu, nahamisha umeme kwenye leza, naachia mabomu mstari mzima kuelekea kwenye mnara. Siangalii kama yamelipuka. Gumba kwenye kishale cha kushoto, ngao nazigeuza nyuma, naendelea mbele kutokea upande wa pili badala ya kugeuka palepale mbele ya mizinga. Nikishavuka masafa yake, kishale cha kulia, nasubiri ngao zirudi, namwomba wa U-wing anirushie mzigo wa risasi kama yupo karibu. Mabomu yakijaa, kushoto tena, busti, na kurudi.